Mambo Saba ya Kupanga Kabla ya Kupiga Hodi kwa Msharika

Katika sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) hakikosekani kikao ambacho mtu husimama na kusema, "Tuwatembelee washarika wetu!" Kikao kizima huitika amina, chai huletwa, na hodi haipigwi. Nia tunayo, kinachokosekana ni mpango. Basi wazee wa kanisa, shikeni kalamu. Tunahesabu kurudi nyuma, na lililo zito kuliko yote linakuja mwisho.

7. Daftari kwanza, bodaboda baadaye
Kama orodha yenu bado ina waliohamia Dodoma na walioolewa Mwanza, mtazunguka hadi magharibi mkimuuliza muuza genge. Kila jumuiya iandike upya: jina, nyumba ilipo, namba ya simu, anaishi na nani, alitembelewa lini mara ya mwisho. Safu hiyo ya mwisho ikiwa tupu, imeshawajibu pa kuanzia.

6. Mchungaji ni mmoja, na siku ni saa 24
Musa alikuwa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, mpaka mkwewe Yethro akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Mungu awape vijana wetu wakwe wa namna hiyo! Nasi wakuu wa kumi tunao: ni viongozi wa jumuiya. Usharika wa kaya 240 wenye viongozi 20 unampa kila mmoja kaya 12, yaani kaya moja kwa mwezi, na mwaka ukiisha hakuna mlango uliorukwa. Mchungaji abaki na yanayomhitaji yeye: Chakula cha Bwana kwa mgonjwa asiyefika kanisani, ndoa inayoyumba, kitanda cha anayekaribia kuaga.

5. Gaweni kwa ujirani, si kwa urafiki
Mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi mwanzoni mwa karne ya 20, aliujenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika, vifungo ambavyo Wachaga walikuwa navyo tayari. Mjini ukoo umetawanyika, lakini jirani yupo. Jijini Dar es Salaam, mzee wa kanisa wa Mbagala akipangiwa kaya za Tegeta, maombi yake mengi atayafanyia kwenye foleni ya magari.

4. Pigeni simu kabla
Mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo, lakini si kumkuta mama wa watu ana povu la sabuni hadi kwenye viwiko. Ulizeni siku na saa inayomfaa. Kisha semeni waziwazi kwamba maji ya kunywa yanatosha. Mjane asikope kuku kwa ajili ya wageni wa kanisa. Anayetamani pilau asubiri harusi, zipo nyingi.

3. Nendeni wawili, ondokeni mapema
Bwana Yesu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, na hesabu hiyo haijaharibika. Mkijaa watu 15 sebuleni, hiyo si ziara tena, ni kwaya. Anapotembelewa mwanamke anayeishi peke yake, mmoja wenu awe mwanamke. Kwa mgonjwa, dakika 20 zinatosha: salamu, kumsikiliza, neno fupi, maombi. Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu, ila mgonjwa hana nguvu za kuwapa jembe. Jipeni wenyewe.

2. Masikio yaende, bahasha ibaki
Siku hiyo msiulize ahadi, wala mchango wa jengo, wala kwa nini kiti chake kilikuwa kitupu Jumapili tatu. Mtu akisikia hodi ya kanisa akaanza kutafuta noti mfukoni, tumeshamfundisha vibaya. Ulizeni, "Unaendeleaje?" kisha mnyamaze mpaka ajibu. Na mliyoyasikia yaishie hapo. Ugonjwa wa mtu hauandikwi kwenye grupu la WhatsApp bila ruhusa yake, na mgonjwa hapigwi picha kitandani. Daftarini andikeni tarehe na msaada unaohitajika tu. Siri yake ikivuja mara moja, mlango huo hautafunguka mara ya pili, na majirani zake nao watafunga yao.

1. Anzeni na asiyeita
Yakobo anamwambia mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Wapo wasioita. Kijana aliyepoteza kazi anaona aibu kuja bila sadaka. Mama aliyejifungua amezungukwa na nepi na usingizi. Bibi ambaye watoto wake wote wako mbali hataki kusumbua mtu. Aliyegombana na wenzake wa kwaya anasubiri kuona kama kuna atakayegundua kwamba hayupo. Wenye sauti watatembelewa hata bila ratiba. Ratiba imewekwa kwa ajili ya hawa. Ni aibu ya usharika mzima wazee wa kanisa wanapouona mlango wa msharika kwa mara ya kwanza siku turubai la msiba linafungwa.

Jumapili hii, matangazo yakiisha, kila mzee wa kanisa ataje jina moja na siku moja, na katibu aandike. Jina lisilo na siku bado ni nia tu, na nia haijawahi kumfariji mgonjwa.