Sura ya Tano

Sura ya Tano ya tasnifu zetu, ile ya hitimisho na mapendekezo, ina adabu zake. Kwanza mtafiti anatusimulia upya Sura ya Nne, kana kwamba tuliisoma tukisinzia. (Kweli tulisinzia, lakini si vizuri kutusema.) Kisha inaitwa serikali. Aliyehoji wauza vitumbua 30 wa soko moja anaiagiza itunge sera ya taifa, iongeze bajeti na ishirikiane na wadau. Wadau ni akina nani? Hakuna ajuaye, ila hawakosi kamwe. Mwisho, "utafiti zaidi unahitajika," yaani msimamizi amechoka na ada imekwisha.

Linganisha na wanasayansi Watson na Crick: mwaka 1953 walieleza umbo la DNA katika jarida la Nature kwa ukurasa mmoja na ushei. Karibu na mwisho wakadokeza, kwa sentensi moja tu, kwamba umbo hilo huenda likaeleza jinsi vinasaba vinavyojinakili. Serikali ya Uingereza hawakuiagiza kitu. Wadau hawakutajwa. Wangekuwa chini ya msimamizi mmoja nimjuaye, wangerudishiwa kazi yao na wino mwekundu pembeni: "Mapendekezo yako wapi?"