Sanduku Jepesi

Shemeji yangu alinikabidhi dola 100 na sentensi moja iliyonivimbisha kichwa: "Wewe ni mwalimu wa fizikia, wewe hawatakudanganya."

Shemeji ana baleniere, ile mashua ndefu ya mbao ambayo kwetu Kisangani ndiyo basi, lori, soko na nyumba ya wageni. Huko Marekani, nasikia, kuna watu wanaoishi ndani ya magari yenye jiko na kitanda, wakizunguka nchi nzima na sola juu ya paa. Baleniere ni hivyo hivyo, ila ina mbuzi. Abiria wanalala humo, wanapika humo, na kila mmoja ana simu inayodai chaji kwa kelele kuliko mtoto mchanga.

Alikuwa ameshanunua paneli ya wati 250, iliyofika kwa lori kutoka Butembo, na betri ya volti 12. Kilichobaki ni kile kidude cha katikati kinachopokea umeme wa paneli na kuilisha betri kwa kipimo isije ikachemka. Vitabuni ni kidhibiti chaji. Mtaani tunasema regilatere.

Sokoni muuzaji aliniwekea mbili mezani. Moja nzito kama tofali, ina mapezi ya alumini mgongoni, dola 90. Nyingine ya plastiki ya buluu, ina kioo cha tarakimu, dola 15. Zote mbili zimeandikwa MPPT.

"Tofauti yake nini?"

"Mwalimu, tofauti ni dola 75."

Hesabu ilikuwa sahihi, nikamheshimu. Chenji ya dola 85 nilimrudishia shemeji mbele ya dada yangu, polepole, noti moja moja.

Uchungu wenyewe ni kwamba MPPT naijua. Paneli ile hutoa nguvu zake zote ikiwa kwenye volti 30 hivi, na ampea 8 na kidogo. Betri inataka 13 au 14. MPPT ya kweli hushusha volti na kupandisha ampea, kama gia za baiskeli. Aina nyingine, PWM, ni toleka, ile baiskeli ya teksi isiyo na gia: inaiburuta paneli mpaka volti za betri, ampea zinabaki zile zile, na zaidi ya nusu ya wati unazisahau. PWM yenyewe siidharau. Kwa paneli ndogo ya volti 18, na kwa joto letu linalopunguza volti za paneli, inafanya kazi yake kwa uaminifu na bei yake ni ya mtu maskini. Ninayemkasirikia ni PWM aliyevaa kanzu ya MPPT.

Siku ya kufunga niliwakusanya vijana wa injini nikawapa somo. Nikaunganisha paneli kwanza, kisha betri. Kioo kikaandika volti 24, na taa zikagoma kabisa. Kifaa kilikuwa kimeona umeme wa paneli kabla ya betri, kikaamini mfumo ni wa volti 24 na kwamba betri yetu ya 12 imeshakufa. Nilikuwa bado nasoma kikaratasi cha maelekezo, kilichoandikwa kwa Kichina, kijana mmoja aliponiuliza, "Mwalimu, tukitoa yote tuanze na betri?" Tukatoa yote, tukaanza na betri. Taa zikawaka. Somo likaishia hapo.

Tukashuka na mto kuelekea Isangi. Simu kumi na nane zilikuwa zimejipanga kwenye ubao, kila mwenye simu ameshalipa. Saa sita mchana, jua liko utosini, nilipima: ampea 8.3 kwa volti 12.6. Nikazidisha kichwani, kisha kwenye karatasi nikitumaini karatasi itakuwa na huruma. Wati 105. Shemeji akauliza, nikamwambia ni mawingu. Akatazama juu, akanitazama mimi, hakusema kitu.

Usiku tulitia nanga karibu na Yangambi. Saa mbili na nusu taa zilizima, simu kumi na nane zikiwa katikati ya safari ya kufufuka. Abiria wakadai pesa zao gizani, na gizani kila mtu alikuwa amelipa mara mbili.

Mama mmoja anayenunua samaki wa moshi kwa vikapu aliomba akishike hicho kifaa. Akakipima kiganjani, mara mbili, kama anavyopima kikapu kilicholoweshwa maji ili kiwe kizito.

"Mwalimu, hii haiko na kitu ndani."

Tulikifungua kwa kisu chake. MPPT ya kweli lazima iwe na koili, waya wa shaba uliozungushwa kwenye kiini, na ndio unaoleta uzito. Mle ndani mlikuwa na kibamba kidogo cha vifaa, hewa nyingi, na mchwa mmoja aliyekufa. Nimefundisha koili miaka kumi na moja.

Tuliporudi muuzaji alisema dhamana huisha ukifungua skrubu. Lile tofali la dola 90 lilikuwa bado lipo. Safari hii nilikwenda na mama wa samaki, akalinyanyua, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaishusha bei hadi dola 78. Sasa saa sita mchana betri inapokea ampea 16. Sanduku la buluu liko darasani kwangu, kidato cha tano, na shemeji bado ananidai dola 15.