Sifa za Deni Lihamalo

Madeni yote yana aibu zake, lakini lipo moja linalostahili kupigiwa ngoma: deni la kadi ya mkopo lililofungasha virago kwenye benki ya riba kubwa likaenda kupiga kambi kwenye benki ya riba ndogo. Walimwengu wanalibeza. Wanasema halina kwao, na kwamba mwenye nalo ni mkwepaji tu aliyejaza fomu vizuri. Mimi naliona lina adabu kuliko mengine yote, maana limejifunza kuhama kwa mwalimu aliyebobea, yaani benki yenyewe.

Tazama Marekani, kadi hizi zilikokulia. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba benki ya Omaha, jimbo la Nebraska, ina haki ya kuwatoza wakazi wa Minnesota riba ya Nebraska, iliyofika asilimia 18 kwa mwaka, ingawa sheria ya Minnesota ilikomea asilimia 12. Kumbe kinachohesabika ni benki inakokaa, si mkopaji anakoishi! Citibank, iliyobanwa na sheria za New York, haikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mwaka 1981 ilianza kuhamishia shughuli za kadi zake Sioux Falls, mji wa baridi kali huko South Dakota, jimbo ambalo lilikuwa limekwisha kuondoa kikomo cha riba. Haikuitwa mkwepaji, gavana aliipokea kwa mikono miwili. Sasa mkopaji naye akihamisha salio lake kufuata riba nafuu, kosa lake ni lipi, kama si kuchelewa kuiga?

Watakuja wenye busara kutukumbusha kuwa dawa ya deni ni kulipa, na kulihamisha hakulipunguzi hata senti. Kweli kabisa. Tena siku ya kwanza linanenepa, kwa kuwa benki mpya hutoza ada, aghalabu asilimia 3 hadi 5. Lakini tupige hesabu. Deni la dola 5,000 kwa riba ya asilimia 24 linazaa karibu dola 100 mwezi wa kwanza tu. Mwenye uwezo wa kulipa dola 287 kwa mwezi atahangaika nalo karibu miezi 22 na kuiachia benki takriban dola 1,200 za riba. Akilihamishia kwenye riba sifuri ya miezi 18 kwa ada ya asilimia 3, litakuwa dola 5,150, na dola 287 zilezile zitalimaliza kabla muda haujakwisha. Zaidi ya dola 1,000 zimeokolewa kwa kujaza fomu. Wapo wanaofanya kazi ya sulubu mwezi mzima wasizione.

Pingamizi zito ni jingine: benki si wakala wa sadaka. Inatoa sifuri ikitumaini utasahau tarehe, utaanza kununua vitu kwa kadi mpya, au ile ya zamani, ikishakuwa tupu, itakukonyeza. Kukopa harusi, kulipa matanga, na mhamishaji mzembe hufanya harusi ya pili kabla ya kuanua matanga ya kwanza. Sibishi. Ila deni hili walau lina tarehe ya mwisho wa nafuu, na sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inaitaka nafuu hiyo idumu angalau miezi 6, wala haiondolewi kwa salio lililopo mpaka mkopaji apitilize siku 60 bila kulipa. Deni lililotulia mahali pamoja halina mwendo wala tarehe. Kwa malipo ya kima cha chini linaweza kuishi miaka na miaka, likila taratibu kama mchwa.

Doa moja sina namna ya kulifuta. Kabla ya kulipokea deni lako, benki hupekua historia yako ya ulipaji, na milango humfungukia hasa yule ambaye angeweza kujikwamua hata bila msaada. Aliyezama kweli hukataliwa. Huyo hubaki na asilimia 24 yake, na ndiyo inayosaidia kugharamia sifuri ya mwenzake.