Ticha, Nisomee Hii

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mtongwe. Usingizi haujanitoka sawasawa, mkononi nina mahamri mawili, mbele yangu kibakuli cha mbaazi. Mama muuzaji afungua pembe ya leso, atoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwalimu, nisomee hii. Kaniletea mtoto wa jirani, ati ni ya mkopo, nitie sahihi." Karatasi ina rojo la mbaazi pembeni, na Kiingereza kuanzia juu mpaka chini.

Kabla sijasoma, niacheni kwanza nilalamike.

Watu hudhani mtu huwa mwalimu wa Kiingereza kwa kukipenda Kiingereza. Mimi nilisukumwa huko na Kiswahili. Nimelelewa na nyanya, na nyanya alisema Kimvita kitupu, Kiswahili cha Mombasa. Kwake mchele ni mtele na njaa ni ndaa. Nikaenda shule na lugha hiyo hiyo mdomoni. Siku moja kwenye insha nikaandika: "Nalikwenda kununua mtele, na ndiani mtanga ukaningia matoni." Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu wa bara aliyekisoma vitabuni, na vitabuni hakuna mato. Sentensi moja, alama tano za wino mwekundu. Juu ya mtele akaandika: "Nini?"

Nikampelekea nyanya daftari. Nyanya hakujua kusoma, lakini alivaa miwani kwa heshima ya daftari, akatazama ule wekundu kwa muda. "Huyu mwalimu wako mtu wa wapi?" Nikamwambia. "Basi mwambie aje nimsomeshe."

Hakuja. Nikamaliza kidato cha nne na C ya Kiswahili na B ya Kiingereza. Na masharti ndiyo hayo: ukitaka kusajiliwa kufundisha sekondari, sharti uwe na C+ katika kila somo kati ya yale mawili utakayofundisha. Kwa hivyo mimi, mzawa wa Mtongwe, sina sifa ya kufundisha Kiswahili. Lugha ya Shakespeare ninayo ruhusa.

Chuo kikuu ndiko nikajua uchungu huu ulianzia wapi. Mwaka 1928 wakubwa wa makoloni ya Afrika Mashariki walikutana kuamua ni Kiswahili kipi kiwe sanifu. Wakachagua Kiunguja. Na mkutano wenyewe ulifanyika wapi? Mombasa! Yaani wametujia mpaka nyumbani, wamekalia viti vyetu, wakaondoka wamemposa binti wa jirani.

Miaka minne ya chuo sina la kusimulia, nilikula maharagwe na kusoma tamthilia. Mazoezi ya kufundisha ndiyo yaliyonitoa jasho. Nilipangiwa shule moja Changamwe, kando ya barabara ya malori ya makontena, ambako mwalimu hunyamaza kila dereva anapobadilisha gia. Siku ya kukaguliwa nikaandaa somo la matamshi. Dakika 40 kamili za sauti ya "th", na mchoro wa ulimi katikati ya meno niliokesha nikiuchora. Vitabu vyote vilikuwa vimenionya kwamba Mwafrika hutaabika mno na sauti hii.

Mkaguzi akaketi nyuma. Nikasema, haya, semeni nyote "the". Wakasema. Semeni "think". Wakasema, tena kwa ulaini kunishinda. Nikasahau niko wapi! Nusu ya darasa lile wamekaa mbele ya ustadhi tangu wana miaka minne, alifu, be, te, the, na ulimi ukiteleza kuna kiboko. Nusu iliyobaki wamekua nao mtaa mmoja. Watoto wanaosema thelathini na dhahabu kila siku, mimi nimewaletea mchoro wa ulimi. Somo likaisha dakika ya pili. Zikabaki 38, na mkaguzi ameshika kalamu.

Nikafanya kosa la kila mwalimu aliyeishiwa: nikauliza kama kuna swali. Binti wa dawati la mbele akasimama. "Ticha, though, tough na through, mwisho herufi ni zile zile. Mbona kila moja yalia kivyake?"

"Ndivyo Waingereza walivyokubaliana."

"Walikubaliana lini?"

Lori likapita, nikalishukuru. Baada ya miaka ndipo nilipopata jibu. Ile "gh" zamani ilitamkwa, na ilitamkwa karibu sana na kh yetu ya kheri na khofu. Waingereza wenyewe wakaichoka, pengine wakaiacha kabisa, pengine wakaigeuza f, lakini kwenye maandishi wakaiacha imekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Laiti ningejua siku ile! Darasa zima lingeitamka kwa Kiingereza cha kale kabla lori halijafika kona. Mkaguzi alipomaliza akaniita kando. "Ze lesson," akaniambia, "was too short." Sikumjibu. Alama zilikuwa mkononi mwake.

Sasa mimi ni mwalimu wa bodi, shule nyingine. Mwalimu wa bodi ni yule anayelipwa kwa karo, na karo huja kwa matone. Nafundisha kidato cha nne, na humo kuna jambo ambalo hadi leo sijamwelewesha mtu. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kuzungumza. Nusu nzima. Na kuzungumza kwenyewe kunaandikwa! Unaambiwa uko kwenye simu na meneja, jaza maneno yako. Ukumbi kimya, watoto wameinama, kila mmoja anapiga simu kwa kalamu.

Kwenye mtihani wa majaribio wa mwaka jana kulikuwa na swali la maneno yanayosikika sawa. Kijana mmoja akawa anatikisa midomo, "bury, berry, bury, berry," apate kujisikia. Msimamizi, mwalimu wa kemia, akamtoa nje kwa kosa la kunong'ona. Nikakimbia kumtetea.

"Huyu anajibu mtihani."

"Anajibu kwa mdomo? Si ni wa kuandika?"

"Ni wa kuzungumza."

"Basi mbona wanaandika?"

Nikabaki nimeachama. Kijana akarudishwa ndani baada ya dakika kumi, akaandika jibu lisilo sahihi kwa utulivu mkubwa.

Jumamosi pia navuka feri, nafundisha tuisheni Kisauni, si mbali na Kengeleni. Kengele yenye jina hilo ni ya Freretown, kijiji walimokaa watumwa waliokombolewa, miaka ya 1870. Baadhi yao walipitia Nasik, Bara Hindi, wakasomeshwa Kiingereza huko. Kwa hivyo hapa Kisauni walimu wa Kiingereza walikuwapo kabla babu yangu hajazaliwa, nami sina ubunifu wowote. Mteja wangu mkuu ni mama mmoja mwenye kijana wa ufukweni. Kijana aliacha shule kidato cha pili, na leo anacheka na Mwingereza kwa Kiingereza, anapatana bei na Mjerumani kwa Kijerumani, na Mtaliano akimtukana anarudishiwa. Mama anataka nimfundishe bintiye.

"Nataka aseme kama kakake."

Nilitaka kumwambia ampeleke kwa kakake. Lakini kodi ya nyumba ilikuwa tarehe tano, nikasema, "Inshallah, mama, miezi mitatu tu."

Basi turudi kwa mahamri. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha rasmi za nchi hii ni Kiswahili na Kiingereza, zote mbili. Sijui ni nani aliyewaficha wenye kuandika fomu jambo hilo. Fomu ya hospitali Kiingereza, bili ya stima Kiingereza, mkataba wa nyumba ya chumba kimoja na choo cha shirika, Kiingereza cha wakili. Kwa hivyo mtaa mzima unatafuta mtu wa kuusomea, na mtu huyo ni mimi, na mshahara ni "Mungu akuzidishie."

Nikameza hamri, nikasoma. Nikarudia mstari wa tatu. Haikuwa karatasi ya kupewa mkopo hata kidogo, ilikuwa ya udhamini. Mtoto wa jirani anachukua pikipiki kwa mkopo, na mama huyu ndiye ametajwa kuwa mdhamini.

Nikamwambia kwa maneno ya nyanya, ambayo hakuna mtihani unaoyataka. "Mama, hapa wasema mwana wa jirani asipolipa ile pikipiki, utalipa weye. Wakiikosa pikipiki, waja twaa hii meza, na karai."

Akanitazama. Akatazama karai, mafuta yanachemka. Akaikunja karatasi mara nne, akairudisha kwenye leso, akafunga fundo mara mbili. Kisha akamwita jirani kwa sauti iliyovuka nyumba tatu: "Mama Saidi! Hebu ndoo hapa kidogo!"

Nikanyanyuka, feri haimngojei mtu. Nikatoa pesa, akanizuia mkono. "Mahamri ya leo usilipe, mwalimu. Mbaazi lipa, nazi imepanda."

Kwa hivyo wewe mwenye karatasi usiyoielewa, usitie sahihi. Niko hapo Mtongwe kila asubuhi mpaka saa kumi na mbili na nusu. Ilete bila rojo, na mbaazi unilipie wewe.