Mhasibu wa Tumbo

Wanaombeza mtu anayehesabu kalori kwa wiki badala ya siku wana wivu tu. Hesabu yenyewe haina kasoro: 2,000 kwa siku ni 14,000 kwa wiki, na mwili haufungi mahesabu saa sita usiku. Daktari Lulu Hunt Peters, aliyewafundisha Wamarekani kuhesabu kalori katika kitabu chake cha 1918, angefurahi kuona elimu ilivyofika Sinza.

Mtazame bingwa wa huko Ijumaa jioni. Jumatatu alikunywa chai ya rangi, akaruka chakula cha mchana, akaweka akiba. Leo anaitoa. Chipsi mayai inageuzwa kikaangoni, mafuta yanatoa povu pembeni, kila gramu kalori 9. Muuzaji anaongeza mishikaki miwili bila hata kuulizwa. Juu inawekwa kachumbari, ambayo kwenye daftari huingizwa kama mboga na kufuta madeni yote ya sahani. Bia haiandikwi. (Pombe ina kalori 7 kwa gramu, lakini nani amewahi kuagiza bia kwa gramu?)

Jumamosi ni harusi. Kukataa pilau ya watu ni utovu wa adabu, hivyo inapelekwa kwenye fungu la ujirani mwema. Jumapili kuna kiporo, na kutupa chakula ni dhambi.

Salio lote linahamishiwa Jumatatu. Hazina ya nchi gani imewahi kupata mkopeshaji mpole hivyo? Haidai riba, haipigi simu, haitaki mdhamini. Suruali pekee ndiyo inayoleta ubishi, na fundi cherehani ameshaahidi kuilegeza msimamo.