Jinsi ya Kuruka Nusu ya Ngorongoro na Kurudi Mjuzi

Una siku mbili, na orodha yako ina vituo vya wiki nzima: Mto wa Mbu, Manyara, Karatu, kreta, Oldupai, Laetoli. Ukivikimbilia vyote utarudi na vumbi tu. Ngoja nikufundishe kuruka, ndugu yangu, na shemeji zako wasigundue.

1. Lala Karatu. Hoteli za ukingoni mwa kreta ni nzuri, ila bei zake zinauma. Karatu utapata kitanda cha bei ya kawaida na chai ya moto alfajiri, na geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, haliko mbali.

2. Jazeni gari. Kiingilio ni cha kila mtu, lakini ada ya kushuka kreta hutozwa kwa gari. Watafute marafiki. Anayetaka kurudi mapema mwacheni nyumbani.

3. Manyara itazame kutoka juu. Nunua ndizi nyekundu Mto wa Mbu, panda mlima ulio mbele, kisha mwombe dereva asimame. Ziwa lote liko chini yako, na ukuta wa Bonde la Ufa umeukanyaga. Piga picha, nyoosha shingo, pendeza. Hifadhi yenyewe itakusubiri safari nyingine.

4. Ndani ya kreta, usifukuze wanyama. Sakafu ina kilomita za mraba zipatazo 260, hutaimaliza. Magari hushukia barabara ya Seneto na kupandia ya Lerai. Katikati ya hapo chagua sehemu moja, Ngoitokitok kwa mfano, ukae na viboko wako. Chakula kilie ndani ya gari, maana mwewe wa pale hunyakua mkononi. Faru akionekana kama kidoa cheusi kule mbali, umemwona, mhesabu. Wenzako wakianza kutafuta twiga, waambie kwa upole kwamba twiga hawaishi humo. Sentensi hiyo moja itakupa heshima ya siku nzima.

5. Sasa historia, na hapa ndipo penye njia ya mkato iliyo tamu kuliko zote. Usikariri miaka mingi. Kariri mmoja tu: 1959.

Januari ya mwaka huo Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani wa miaka 24 aliyekuwa akihesabu na kupiga filamu wanyama wa Serengeti kutoka angani, alikufa ndege yake ilipoanguka. Amezikwa ukingoni mwa kreta, na baba yake, Bernhard, aliyefariki 1987, yuko naye. Magari mengi hupita mnara wao bila hata kupunguza mwendo. Wewe shuka, simama, vua kofia.

Julai 17, kule Oldupai, mtafiti wa mifupa ya kale, Louis Leakey, alikuwa mgonjwa kambini. Mkewe, Mary, akatoka peke yake, akaona mfupa umechungulia ardhini. Lilikuwa fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus, la miaka ipatayo milioni 1.75. Ukikosa muda wa kufika Oldupai, tulia: fuvu lenyewe linatunzwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ukifika, maliza na Laetoli hapohapo. Nyayo za zamadamu za miaka milioni 3.6 zilifukiwa ili zisiharibike, na nakala yake imo katika makumbusho ya Oldupai.

Jambo la tatu la 1959 ndilo zito. Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai waliotakiwa kuondoka Serengeti waliahidiwa kuishi huku na mifugo yao. Hilo usiliruke. Ukimwona mchungaji na ng'ombe wake kando ya barabara, ujue hajavamia hifadhi ya mtu. Yuko kwao, kwa ahadi. Omba ruhusa kabla ya kumpiga picha, na akikataa, weka simu mfukoni. Mtalii anayeelewa hilo amejifunza kuliko aliyetembea vituo vyote sita.

6. Beba koti zito. Ukingo uko juu ya mita 2,200, asubuhi ni ukungu mtupu, na hakuna anayependeza kwenye picha huku meno yakigongana.

Geti hufunguliwa saa 12 asubuhi. Mwambie dereva usiku huuhuu.