Fremu Nafuu kwa Kuta za Ikombe: Majibu kwa Waulizaji

Fremu ya picha ina sehemu nne: mbao za pembeni, kioo, mgongo na kitu cha kuning'inizia. Fedha nyingi humezwa na kioo na mapambo. Uhai wa picha, hata hivyo, unategemea mgongo, pamoja na kijinafasi kilichopo kati ya kioo na karatasi, ambacho hakuna muuzaji anayekitaja kwa sababu hakiuzwi. Waulizaji wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa wanateswa zaidi na hicho cha mwisho, ingawa kila mmoja ameandika akilalamikia bei.

Anayejiita Ukuta Mtupu, wa Ikombe, alinunua fremu ya plastiki mjini Kyela. Ndani yake alikuta picha ya wageni watatu, baba, mama na mtoto mwenye nywele za dhahabu, wote wakicheka. Kwa kuwa picha yake mwenyewe ilikuwa bado haijasafishwa, aliitundika fremu kama ilivyokuja. Sasa kila anayebisha hodi anauliza wale ni ndugu wa upande gani, na mama mkwe ameanza kuwaulizia hali. Karatasi hiyo ni ya kiwandani, imewekwa kuonyesha ukubwa tu, na inaweza kutolewa bila kuvunja undugu wowote. Fremu za aina hiyo ndizo rahisi kupita zote kwa picha ya sentimita 10 kwa 15, ile inayosafishwa kila studio. Ubovu wake uko nyuma: mgongo wa kadibodi hunywa unyevu, huvimba na kujikunja kabla masika hayajaisha. Dawa ni kuutupa mapema na kukata mwingine wa hadibodi kwa kuufuatisha ule wa zamani. Kazi hiyo haimalizi hata robo ya kipande ambacho seremala angekichoma moto.

Swali zito zaidi limetoka Lyulilo. Mjukuu mmoja alitaka kuihamishia kwenye fremu mpya picha ya harusi ya babu na bibi yake. Alipoivuta, bwana harusi alibaki kwenye karatasi na bibi harusi akabaki kwenye kioo. Anauliza kama fremu ya bei kubwa ingezuia fedheha hiyo.

Isingezuia. Uso wa picha ya studio umepakwa jelatini, na jelatini ikipata unyevu hulainika, ikikauka hushika chochote kilichoigusa. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania, na uso wa ziwa uko mita zisizofika 500 tu juu ya bahari, kwa hiyo joto na unyevu hukaa pamoja sehemu kubwa ya mwaka. Picha iliyobanwa moja kwa moja kwenye kioo katika hali hiyo itaganda, fremu iwe ya mninga au ya plastiki. Iliyokwisha kuganda isivutwe, wala isipelekwe jikoni kukaushwa. Ipigwe picha ikiwa hapohapo nyuma ya kioo, kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, taa ya simu ikiwa imezimwa ili isirudishe mng'ao, kisha isafishwe nakala. Kuloweka nako ni bahati nasibu: kuna karatasi za zamani zinazobanduka salama kwenye maji, lakini zile zilizochapwa kwa printa ya wino huvuja rangi hadi sura zote zikafanana.

Kinga yake ni karatasi ya manila, ileile wanayonunuliwa watoto wa shule. Hukatwa vipande vyembamba, vikakunjwa mara kadhaa hadi kufikia unene wa milimita 2 au 3, kisha vikabandikwa pembeni mwa kioo kwa ndani, mahali panapofichwa na ukingo wa fremu. Picha inakaa nyuma ya vipande hivyo na haigusi kioo popote. Anayetaka uzuri zaidi akate manila nzima na kuitoboa dirisha katikati. Picha ndogo ikikaa ndani ya uwazi mpana huonekana ya heshima kuliko kubwa iliyobanana. Mbinu hiyo inapunguza gharama pia, kwani kusafisha picha ndogo ni nafuu.

Kuna anayependekeza kuilamineti kila picha na kuachana na vioo. Kwa nakala, sawa. Kwa picha iliyo peke yake duniani, hapana: joto la mashine na ile gundi havina kurudi nyuma, na plastiki ikifunguka pembeni maji huingia yasitoke.

Baba Harusi wa Matema anataka fremu sita za ukubwa wa A4 na ameambiwa bei iliyomfanya aahirishe hata harusi. Huyo anashauriwa kununua vitu kimoja kimoja, na kujua hesabu kabla ya kuingia karakana. Picha ya sentimita 21 kwa 30 ina mzunguko wa sentimita 102. Kwa kila fremu huongezwa upana wa ubao mara nane, kwa sababu kila pembe kati ya nne hula upana huo mara mbili. Ubao wa sentimita 3 basi unadai sentimita 126, pamoja na kidogo cha msumeno. Mabaki ya paina yaliyotoka kwenye kenchi yanatosha kabisa. Mninga ni mzuri, lakini kuumalizia kwenye fremu wakati kitanda hakina chaga ni kujionyesha. Pembe hukatwa kwa nyuzi 45, na uhakika wa kazi haupatikani kwa kutazama bali kwa kupima kona hadi kona: vipimo viwili vya mshazari vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, fundi ataulaumu ukuta.

Kioo cha bure kipo zaidi ya inavyodhaniwa. Nyumba nyingi zinang'oa madirisha ya luva na kuweka ya aluminiamu, na vile vioo virefu huishia nyuma ya choo. Luva nyingi zina upana wa takriban sentimita 15, na kingo zake ndefu zimeshasuguliwa kiwandani, kwa hiyo kwa picha ndogo fundi vioo anabakiza mikato miwili tu. Kasoro ni uzito. Kioo cha milimita 3 kina kilo 7 na nusu kwa mita ya mraba, na luva kwa kawaida ni nene zaidi ya hapo, kwa hiyo fremu yake hudai msumari wa maana. Kikisafirishwa kwa mtumbwi kutoka Matema kwenda Ikombe, kioo kisimamishwe kwa ukingo kikiwa kimeviringishwa kitenge. Kikilazwa, wimbi moja na abiria mmoja wa kukikalia vinatosha.

Ofisi za umma nazo ni chanzo cha funzo, si cha fremu. Picha rasmi ya Rais imebadilishwa mwaka 1985, 1995, 2005, 2015 na 2021, na mahali penye katibu mwangalifu, mbao na kioo ni vilevile. Fremu yenye mgongo unaofunguka kwa vishikizo vya kugeuza hununuliwa mara moja. Iliyopigiliwa misumari na kufunikwa gundi hununuliwa upya kila tukio.

Swali la nne halingeweza kutoka kwingine. Mume wa mfinyanzi wa Ikombe anauliza kwa nini anunue mbao wakati mkewe, kama wanawake wengi wa Kikisi, anafinyanga vyungu vinavyouzwa hadi mbali. Wazo ni zuri, ila lina mitego. Udongo husinyaa ukikauka na husinyaa tena ukichomwa, hivyo kipimo kipatikane kwanza: mstari wa sentimita 10 uchorwe kwenye kipande kibichi, kipande kichomwe, mstari upimwe upya, na tofauti iongezwe kwenye fremu kwa uwiano huohuo. Kona nne ni adui, kwa kuwa nyufa huanzia hapo. Mfinyanzi aliyezoea mviringo afuate mviringo. Lakini kukata kioo cha duara ni kazi ngumu, na picha ikikatwa duara shangazi hupoteza sikio. Suluhisho ni uwazi wa duara mbele, na kioo cha pembe nne kilichobandikwa kwa nyuma baada ya udongo kuchomwa, kamwe si kabla. Matundu ya waya yatobolewe udongo ukiwa mbichi, na bamba likauke polepole chini ya kitambaa lisije likajipinda. Urembo wa rangi nyeupe na nyekundu mume asiufundishe.

Waliouliza kuhusu mianzi wajibiwe kwa ufupi: ilowekwe ziwani wiki kadhaa ili wanga utoke, la sivyo bungua watamaliza fremu na kuacha unga.

La mwisho ni la kutundika, na limeletwa na bibi harusi wa Kinyakyusa aliyeolewa mwambaoni. Kwa mila, mke wa mtoto humkwepa baba mkwe. Sasa mumewe amemleta mzee huyo ndani akiwa ukubwa wa A4. Kama picha nayo hukwepwa ni jambo la wazee, na waulizwe wao. Safu hii inaweza kusema kuhusu ukuta tu. Ikombe ina milima ya Livingstone mashariki na ziwa magharibi, kwa hiyo jua kali ni la alasiri, linaloingia kwa mlango unaotazama maji. Ukuta unaoelekeana na mlango huo hufifisha rangi upesi kuliko wote, na ukuta wa nje unaopigwa na mvua hutoa ukungu. Panapobaki salama ni ukuta wa ndani wa sebuleni, mbali na chumba cha kulala, jambo ambalo huenda likawatuliza wote wawili. Fremu ishikwe na misumari miwili badala ya mmoja ili isikae upande, na kwenye pembe za chini, kwa nyuma, vigundishwe vipande viwili vya kandambili kuukuu ili hewa ipite kati yake na ukuta.